Wasomaji Wanauliza: Vumbi la Galaksi Linakula Nuru Kiasi Gani?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu galaksi za parafujo, zile zenye mikono iliyojiviringa, ilieleza kwamba vumbi lililomo ndani yake huficha sehemu kubwa ya nuru ya nyota changa, na kwamba urujuanimno, nuru isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, ndio unaolifichua vizuri. Barua kutoka Nyanda za Juu Kusini zimekuwa nyingi, na baadhi zina hesabu nzito. Tumejibu kila moja kwa kadiri ya uzito wake.

Shikamooni wahariri. Kwa nini urujuanimno na si nuru hii tunayoiona kwa macho? Na vumbi hilo la angani ni kama hili letu la kiangazi? (Msomaji, Mafinga)

Marahaba. Vumbi linalotimuliwa na malori barabarani lina chembe kubwa mno. Chembe zilizo kati ya nyota ni za kaboni na silikati, na karibu zote ni ndogo kuliko maikromita moja. Kilicho karibu nazo zaidi ni moshi. Septemba na Oktoba, mashamba yanapochomwa, jua la jioni huwa jekundu kwa sababu chembe ndogo hutawanya buluu na kuiacha nyekundu ipite. Ukishuka kutoka buluu hadi urujuani na kuvuka hapo, hasara inazidi.

Kwa vumbi la Njia Nyeupe, galaksi yetu, pale linapoondoa magnitudi 1 (kipimo cha mwangaza cha wanaastronomia) kwenye nanomita 550 (nuru ya kijani-manjano), huondoa takribani magnitudi 2.6 kwenye nanomita 153. Kanuni ya kugeuza ni 10 kwa kipeo cha −0.4A, ambapo A ni magnitudi zilizopotea. Kwa hiyo magnitudi 1 ina maana asilimia 40 ya nuru inapita, na magnitudi 2.6 ina maana inapita asilimia 9 tu. Vumbi jepesi ambalo picha ya kawaida hailioni kabisa huacha alama katika urujuanimno.

Mtego nao upo. Urujuanimno hutoka kwa nyota changa na nzito, ambazo huzaliwa ndani ya mawingu yaleyale ya vumbi. Taa na pazia vimechanganyika, na maswali mengi ya hapa chini yanatokana na hilo.

Je, darubini ikipandishwa juu ya Mlima Rungwe au tambarare ya Kitulo, haiwezi kupima urujuanimno huo? (Mwalimu wa fizikia, Tukuyu)

Haiwezi, Mwalimu. Rungwe una mita zipatazo 2,960, na tabaka la ozoni liko kati ya kilomita 15 na 35. Chini ya nanomita 300 hakuna kinachotufikia, na hata mlima mara mbili ya huo usingebadilisha kitu. Ndiyo maana vipimo hivi hufanywa na setelaiti. Isitoshe, lenzi nyingi za kioo cha kawaida hukata nuru chini ya nanomita 350 hivi.

Kwa wanafunzi wako, data zipakuliwe na galaksi zitazamwe kwa nuru ya kawaida. Huku kwetu tuna bahati: galaksi ya M83 hupita karibu nyuzi 70 juu ya upeo, na jioni za Mei na Juni anga la Mbeya huwa kavu na safi, ingawa baridi yake mnaijua. NGC 253 ni ya Oktoba na Novemba. Ukilinganisha picha ya kichujio cha buluu na ya infraredi ya karibu (nuru isiyoonekana iliyo ng'ambo kidogo ya nyekundu), michirizi ya vumbi ya NGC 253 itaonekana wazi.

Kamwene! Nina kompyuta ya mkononi na bando la kawaida. Nianzie wapi kupima mwenyewe? (Mwanafunzi, Iringa)

Kamwene. Anzia kwenye hifadhi ya MAST, inayotunzwa na Space Telescope Science Institute huko Marekani. Data za setelaiti ya GALEX, iliyofanya kazi kuanzia 2003 hadi 2013, ziko wazi kwa kila mtu. Ilikuwa na kioo cha sentimita 50 na kamera mbili: FUV, ya nanomita 134 hadi 179, na NUV, ya 177 hadi 283. Kamera ya FUV ilikufa 2009, hivyo picha za baada ya hapo zina NUV peke yake. Angalia hilo kabla hujapakua.

Usichukue picha za sekunde 100 hivi za upigaji wa anga lote. Tafuta zenye sekunde 1,000 na kuendelea, vinginevyo mikono ya nje ya galaksi itazama kwenye kelele. Unahitaji faili lenye jina linaloishia na fd-int kwa FUV na nd-int kwa NUV. Kila moja lina pikseli 3,840 kwa 3,840, kila pikseli sekunde 1.5 za tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), na likifunguliwa huchukua megabaiti 59 hivi. Yakiwa yamebanwa ni madogo zaidi, hasa la FUV ambalo pikseli zake nyingi ni sifuri.

Sifuri hizo ndizo zinazowaangusha wanaoanza. Kabla ya chochote unatoa nuru ya anga: unachora pete nje ya galaksi, mbali na mkono wa mwisho, na kupima nuru iliyomo. Katika picha za kawaida watu hutumia namba ya kati (median) ili nyota zisiharibu hesabu. Ukifanya hivyo kwenye FUV utapata sifuri, kwa sababu zaidi ya nusu ya pikseli hazikupokea hata chembe moja ya nuru. Ziba nyota kwanza, kisha tumia wastani. Kumbuka pia kwamba M83 na wenzake wana mikono ya urujuanimno inayokwenda mbali sana kuliko inavyoonekana kwenye picha ya kawaida, basi pete yako isiwe karibu.

Nyota za Njia Nyeupe zilizoko mbele ya galaksi utazitambua: nyingi zinang'aa kwenye NUV na karibu hazipo kwenye FUV. Tupa pia kila kilicho zaidi ya nyuzi 0.55 kutoka katikati ya picha, maana ukingoni umbo la nyota linaharibika na alama za uongo zimejaa.

Sasa jumlisha nuru ndani ya duaradufu inayoifunika galaksi. Magnitudi ni −2.5 mara logi ya idadi kwa sekunde, jumlisha 18.82 kwa FUV au 20.08 kwa NUV. Halafu toa vumbi la kwetu wenyewe. Hifadhidata ya NED itakupa wekundu uitwao E(B−V) wa upande huo wa anga. Uzidishe kwa 8.06 kwa FUV na 7.95 kwa NUV. Ukiwa 0.06, ambao ni mdogo, tayari umepoteza magnitudi 0.48, yaani asilimia 36 ya nuru, kabla hujaligusa vumbi la galaksi yenyewe. Wengi hupuuza hatua hii kwa kuwa katika nuru ya kawaida hasara hiyo haifiki magnitudi 0.2.

Ukitaka ramani ya vumbi pikseli kwa pikseli badala ya namba moja, lainisha picha zote zifikie ukungu wa ile mbaya zaidi. FUV ya GALEX inatenganisha sekunde 4.3 za tao, NUV 5.3. Ukigawanya moja kwa nyingine bila kulainisha, kila kituo cha kuzaa nyota kitazungukwa na pete ya rangi ya uongo, na utaandika kwamba umegundua vumbi la duara. Ukiingiza picha ya darubini ya anga ya Herschel ya maikromita 250, yaani ya infraredi, kila kitu lazima kishuke hadi sekunde 18. Programu za bure zinatosha: DS9 kwa kutazama, na Python yenye Astropy kwa hesabu.

Habari za kazi. Galaksi yangu ina FUV−NUV ya 0.50 baada ya masahihisho yote, na nguvu yake ya infraredi ni mara 5 ya nguvu ya FUV. Kanuni tatu za kukadiria magnitudi za FUV zilizomezwa na vumbi zimenipa majibu matatu: 2.7, 1.8 na 1.3. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Mbeya)

Hujakosea hesabu. Tumezirudia, na zimetoka hivyo hivyo.

Jibu la 2.7 linatokana na kanuni ya Meurer na wenzake ya 1999, A = 4.43 + 1.99β, ambapo β ni mteremko wa wigo (nuru iliyotandazwa kwa urefu wa mawimbi yake) katika urujuanimno. Rangi yako, yaani magnitudi ya FUV kutoa ya NUV, inatoa β ya −0.85 hivi. Kanuni hiyo ilipatikana kwa galaksi zinazozaa nyota kwa fujo, ambamo karibu urujuanimno wote ni wa nyota changa kabisa. Galaksi ya parafujo ya kawaida haiko hivyo. Imezaa nyota taratibu kwa mabilioni ya miaka, na nyota zenye umri wa miaka milioni mia kadhaa bado zinatoa NUV lakini FUV yake imepungua. Wekundu wa umri unahesabiwa kama wekundu wa vumbi. Kwa galaksi za aina hii kanuni hiyo huzidisha, na tafiti nyingi za GALEX zimeonyesha hivyo. Iache.

La 1.8 ni la kanuni ya Hao na wenzake ya 2011: 3.83 × (0.50 − 0.022). Hiyo imerekebishwa kwa galaksi za kawaida, lakini ni wastani wa galaksi nyingi zilizotawanyika sana kuuzunguka mstari. Kwa galaksi moja, hasa, inaweza kupotea kwa nusu magnitudi bila aibu.

La 1.3 ni la infraredi: 2.5 × logi ya (1 + 0.46 × 5), sawa na 2.5 × logi 3.3, yaani 1.30. Hili ndilo tungeliandika. Mantiki yake haitegemei rangi: nuru iliyomezwa na vumbi haipotei, hulipasha moto vumbi na kutoka tena kama infraredi. Unahesabu kilichotoka na kilichomezwa. Hiyo 0.46 ipo kwa sababu si infraredi yote inayotokana na FUV. Nyota nzee nazo hupasha vumbi. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Katika galaksi yenye kitovu kikubwa cha nyota nzee, kama Andromeda, mgawo wa nyota nzee ni mkubwa kuliko wastani, na 0.46 itakupa vumbi zaidi ya lililopo. Kama galaksi yako ni ya namna hiyo, jibu halisi liko chini ya 1.3.

Usikubali ushauri wa kuchukua wastani wa majibu matatu. Kanuni ya kwanza ina kosa linaloelekea upande mmoja, na wastani hauliondoi.

Nimesoma kwamba njia safi kuliko zote ni kutumia galaksi mbili, moja ikiwa imeikinga nyingine. Inafanyikaje? Na kwa nini haitumiki kila siku? (Msomaji, Njombe)

Haitumiki kila siku kwa sababu jozi zinazofaa ni adimu. Orodha iliyochapwa 2013 kutokana na Galaxy Zoo, mradi ambao watu wa kawaida hukagua picha za galaksi kwenye kompyuta zao, ina jozi 1,990, na nyingi ni hafifu mno kwa urujuanimno. Lakini pale zinapopatikana, sisi tunaiweka njia hii juu ya zote. Ilielezwa na Raymond White na William Keel mwaka 1992.

Uzuri wake ni kwamba taa iko nyuma ya vumbi lote, tena mbali. Hakuna kubahatisha nyota zipi ziko mbele ya wingu na zipi ndani. Hata nuru inayotawanywa na chembe haikusumbui, kwa kuwa taa ikiwa mbali, nuru yake inayotawanywa kuelekea kwetu ni kidogo sana.

Unahitaji vipimo vitatu. I ni nuru unayoiona pale galaksi zinapopandana. F ni nuru ya galaksi ya mbele peke yake mahali hapo, na B ni ya galaksi ya nyuma kama isingekingwa. F na B huwezi kuziona moja kwa moja, hivyo unazikadiria kwa ulinganifu: zungusha kila galaksi nyuzi 180 kuzunguka kitovu chake na uchukue thamani ya upande wa pili, ule usiopandana. Sehemu ya nuru iliyopita ni (I − F) ÷ B.

Tuseme baada ya kutoa anga umepata I = 60, F = 20, B = 100. Iliyopita ni 0.40, yaani magnitudi 0.99. Sasa jaribu kukosea F kwa 10. Ikiwa ni 30, iliyopita inakuwa 0.30 na A inapanda hadi 1.31. Ikiwa ni 10, iliyopita ni 0.50 na A inashuka hadi 0.75. Kwa kosa dogo hivyo jibu limeyumba zaidi ya nusu magnitudi. Basi chagua mahali ambapo F ni ndogo kuliko zote: mikono ya nje ya galaksi ya mbele, ikipandana na sehemu angavu ya galaksi ya nyuma. Hiyo ndiyo sababu NGC 2207, ambayo imeikinga IC 2163 katika kundinyota la Canis Major, imekuwa na thamani kubwa. Mikono yake ya nje ina nuru yake yenyewe kidogo sana.

Kwenye urujuanimno kuna ugumu wa ziada. Galaksi ya nyuma iliyo laini na rahisi kuikadiria ni ya duaradufu, lakini hizo hazina nyota changa, kwa hiyo taa karibu imezimika. Unalazimika kutumia parafujo nyuma ya parafujo, na parafujo katika urujuanimno ni madoadoa: kituo cha kuzaa nyota upande huu hakina pacha wake upande ule. Pima madoadoa hayo. Chukua vipande nje ya eneo la kupandana, linganisha kila kimoja na mwenzake wa nyuzi 180, na tofauti zake ndizo kosa lako halisi. Kosa la kuhesabu chembe za nuru peke yake litakudanganya kwamba una usahihi usiokuwa nao.

Utapata pia pikseli ambazo nuru iliyopita inazidi 1 au iko chini ya 0. Usizitupe. Ukizitupa za chini ya 0 pekee, vumbi linapungua. Za juu ya 1 pekee, linaongezeka. Ziache zote, chukua wastani wa nuru iliyopita, ndipo ugeuze kuwa magnitudi. Kuchukua wastani wa magnitudi zenyewe ni kosa, na pikseli hasi hazina logi.

Mwisho, hakikisha ni ipi iliyo mbele. Kasi ya kila galaksi kutoka kwetu iwe imepimwa kwa wigo, na tofauti iwe kubwa kiasi cha kuonyesha kwamba hazihusiani. Galaksi zinazovutana huwa zimepindika, na hesabu nzima ya ulinganifu inavunjika. NGC 2207 na mwenzake zinavutana kweli, ila ya mbele bado haijaharibika sana, na hata hivyo inataka uangalifu.

Nimejaribu njia ya jozi. FUV imepungua mara 1.7 tu ya nuru ya kawaida, si mara 2.6 mliyoitaja. Vumbi la galaksi hiyo ni tofauti na letu? (Msomaji, Makambako)

Huenda chembe ni zilezile. Fanya hesabu hii: nusu ya eneo unalopima haina vumbi kabisa, nusu ina vumbi la magnitudi 1 kwa nuru ya kawaida na 2.6 kwa FUV. Nuru ya kawaida iliyopita ni wastani wa 1.00 na 0.40, sawa na 0.70, yaani magnitudi 0.39. FUV iliyopita ni wastani wa 1.00 na 0.09, sawa na 0.55, yaani magnitudi 0.66. Gawanya: 1.7. Hiyo ndiyo namba yako, na hatujabadilisha chembe hata moja. Ongeza vumbi katika nusu ile hadi iwe giza totoro, na rangi zote zitasimama kwenye magnitudi 0.75.

Vumbi la galaksi liko kwa mabonge, na kwa jozi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 326, sekunde 5 za tao za GALEX ni miaka ya nuru 7,900. Mawingu ya vumbi ni madogo kuliko hapo mara nyingi. Uchunguzi wa Keel na wenzake uliochapwa 2014, kwa GALEX, darubini ya anga ya Hubble na kamera ya setelaiti ya XMM, ulipata kwa jozi zao mwenendo uliolegea unaokaribiana na ule wa mwanaastronomia Calzetti wa galaksi zinazozaa nyota kwa fujo, wakasema mpangilio wa vumbi peke yake unatosha kuuleta. Kabla ya kutangaza vumbi jipya, tafuta picha ya Hubble ya jozi hiyo na urudie kipimo kwa pikseli ndogo. Uwiano ukipanda, jawabu ni mabonge.

Naomba ufafanuzi kuhusu ile nundu ya nanomita 217.5. Naweza kuiona kwa GALEX? (Mwanafunzi, Mbeya)

Kwa GALEX peke yake, hapana. Nundu hiyo, iliyogunduliwa na Theodore Stecher mwaka 1965, ni ongezeko la ghafla la ufifishaji. Inakaa ndani ya NUV na kuupandisha ufifishaji wake ukaribiane na wa FUV. Ndiyo maana vizidishio vyetu vya juu, 8.06 na 7.95, ni karibu sawa. Vumbi lenye nundu kama ya kwetu, likiwa pazia tupu mbele ya nyota, karibu haligusi rangi ya FUV−NUV. Mwenye galaksi yenye rangi 0.50 na alisome hili.

Tumia setelaiti ya Swift, iliyorushwa 2004. Vichujio vyake ni uvw2 (nanomita 193), uvm2 (225) na uvw1 (260). Chora mstari kutoka uvw2 hadi uvw1. Uvm2 ikiwa hafifu kuliko mstari unavyotarajia, nundu ipo. Katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, karibu haipo.

Tahadhari mbili. Kamera ya Swift huhesabu chembe za nuru kwa vipindi vya milisekunde 11. Chembe mbili zikitua mahali pamoja katika kipindi kimoja huhesabiwa kama moja, kwa hiyo kitovu kikali kitaonekana hafifu kuliko kilivyo. Na uvw1 na uvw2 huvujisha nuru nyekundu, ila uvm2 haivuji kwa kiasi cha kusumbua. Kwenye kitovu chenye nyota nzee, sehemu kubwa ya unachokihesabu kwenye uvw1 si urujuanimno kabisa. Vichujio viwili vya pembeni vikiongezewa nuru ya uongo, cha katikati kinaonekana kimezama, nawe umepata nundu isiyokuwepo. Pima kwenye mikono yenye nyota changa, au pitisha wigo wa mfano kwenye mikondo kamili ya vichujio, pamoja na mkia wake mwekundu, kabla ya kulinganisha.